Simba Aliyepotea na Risasi Iliyopotea

Kuna kivumishi kimoja cha Kiingereza ambacho wahariri wa Nairobi wangenyang'anywa kwa mwaka mmoja tu, magazeti yetu yangesema ukweli zaidi bila kuongeza hata ukurasa. Neno lenyewe lina silabi moja na mtoto wa darasa la nne analijua: stray. Stray dog, mbwa koko. Hapo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni pale linapotoka kwa mbwa na kupandishwa kwenye vichwa vya habari kubwa, ambako limepewa kazi mbili. Kuna "stray lion" na kuna "stray bullet". Sasa angalia ajabu yake. Simba akipewa neno hilo, anatiwa hatiani. Risasi ikipewa neno hilo hilo, inatakaswa, pamoja na mkono ulioifyatua.

Mimi naishi Matasia, kati ya Ngong na Kiserian, na kwa watu wa huku hili si somo la sarufi. Kaunti yetu ya Kajiado ndiyo hutajwa kila simba wanapoonekana nje ya mbuga. Na kaunti hiyo hiyo, hapo Ongata Rongai, ndiko alikopigwa risasi na kufa mtoto wa miaka 12 mwezi wa Juni 2024. Kwa hiyo neno hili linatuhusu kwa pande zote mbili.

Nianze na simba, maana huyo ni jirani.

Tarehe 30 Machi 2016 simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk, kwa ajili ya manyoya yake ya kichwani, alionekana Isinya. Watu wakajaa, boda boda zikajaa, simu zikatolewa mifukoni. Simba akazungukwa, akachokozwa, akamjeruhi mtu mmoja, na askari wa KWS wakampiga risasi mchana kweupe, picha zikipigwa. Habari ikazunguka dunia nzima, na karibu kila mahali alikuwa "stray lion". Simba aliyepotea. Sawa, hebu tuulize: alipotea kutoka wapi akienda wapi?

Mbuga ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946. Ina kilomita 117 za mraba, ambazo kwa simba ni kama ua wa nyuma ya nyumba. Upande wa mji imezungushiwa fensi, lakini upande wa kusini, penye Mto Mbagathi, iliachwa wazi. Haikuachwa hivyo kwa kusahau. Wanyama wa pale hawajawahi kukaa pale mwaka mzima. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia hutoka kwenda nyanda za Athi na Kaputiei, yaani huko Kitengela, Isinya na kuendelea, wakale nyasi fupi na kuzaa. Kiangazi kikikaza wanarudi mbugani kwenye maji. Simba hufuata nyama. Waliochora mbuga walilijua hilo, na Wamaasai walilijua kabla ya mchoraji yeyote kuzaliwa. Mbuga ni chumba kimoja cha nyumba kubwa. Kitengela ni sebule.

Sasa tazama ni nani aliyehama. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapewa kipande chake. Mwaka 1990 likaja eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje pale Athi River, wafanyakazi wakahitaji vyumba, na vipande vikaanza kukatwa, vikakatwa tena, mpaka tukafika kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo kila mtu wa Nairobi anaiota. Seng'enge, ukuta wa mawe, geti nyeusi. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke fensi, pesa zikitolewa wakati wa karo. Dola nne! Na bado familia nyingi zilikubali, jambo ambalo linanifanya niwaheshimu kuliko ninavyoweza kusema. Serikali yenyewe, kwa upande wake, ikapitisha reli ya SGR juu ya mbuga kwa daraja la kilomita sita, na Oktoba 2019 abiria wakaanza kupita wakitazama twiga kwa chini. Nyumbu waliokuwa makumi ya maelfu miaka ya 1970 wamebaki wa kuhesabika. Katika shughuli hii yote, viwanda, ploti, reli, lami, mhusika mmoja tu hajabadilisha njia yake, na ndiye gazeti linamwita aliyepotea.

Ukitoka safari ukakuta mtu amejenga ukuta katikati ya sebule yako, ukasimama nje unashangaa, jirani atasema mengi lakini hatasema umepotea.

Tena gazeti lenyewe lifungue kurasa za ndani. Utakuta matangazo ya ploti Kitengela na Isinya, na mengine yanajisifu kwamba ukiamka asubuhi utawaona wanyama ukiwa dirishani. Yaani ukurasa wa kumi na nane mnyama yuko kwake na anaongeza bei ya ardhi, ukurasa wa tatu amepotea.

Sisemi simba ni mwanakondoo. Aprili 2025 msichana wa miaka 14 aliuawa na simba kwenye ranchi inayopakana na mbuga hiyo hiyo. Juni 2012 simba sita, wakiwemo watoto, waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya kuua mbuzi wa watu. Mwenye mbuzi ana uchungu wake na mzazi ana wake usiopimika. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa, lakini fidia hiyo huja kwa mwendo wa kinyonga. Hii ndiyo sababu neno linaniudhi hasa. Simba "akipotea", kifo kinakuwa ajali. Hakuna wa kuulizwa ni nani aliidhinisha mtaa kwenye njia ya wanyama, wala mipango ya matumizi ya ardhi iliandikwa ili ifanye nini. Simba anadungwa sindano ya usingizi anarudishwa, au anapigwa risasi anazikwa, na habari imekwisha. Aliyefiwa ndiye wa kwanza kuumizwa na habari ya namna hiyo.

Wanaoishi pale hawaongei hivyo. Richard Turere alikuwa mvulana tu, akichunga ng'ombe wa baba yake kwenye ukingo wa mbuga, alipounganisha taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka boma, simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 alialikwa kueleza uvumbuzi wake kwenye jukwaa la TED huko Marekani. Mtu hamfungii taa mgeni aliyepotea. Anamfungia anayejua atarudi kesho, saa ile ile, kwa upande ule ule.

Hapa Matasia tuna toleo letu dogo la mambo haya. Ng'ombe hupita barabarani wakielekea Kiserian sokoni, na kiangazi kikizidi makundi huletwa mpaka kwenye nyasi za kando ya lami na nje ya mageti yetu. Wenye magari hupiga honi, na mara moja moja wanaandikwa: "stray cattle". Nilimsomea mzee mmoja wa boma la karibu kichwa cha habari cha namna hiyo, nikamtafsiria. Akacheka kwanza. Halafu akasema, "Mwalimu, ng'ombe aliyepotea ni yule ambaye mwenyewe hajulikani. Hawa si mimi niko nyuma yao na fimbo?"

Mzee hajasoma sheria za Uingereza, lakini alizitaja neno kwa neno. Neno hili lilipoanza kazi kwa Waingereza lilikuwa la kisheria: estray alikuwa mnyama wa kufugwa anayekutwa akizurura na mwenyewe hajulikani. Watu wangetangaziwa, mwenyewe asipotokea, mnyama anakuwa mali ya bwana wa eneo au ya mfalme. Kiini cha neno hakikuwa mwendo. Kilikuwa umiliki. Kitu stray ni kitu kisicho na mwenyewe.

Hebu basi tulipeleke neno hilo, na maana yake hiyo, kwenye risasi.

Tarehe 30 Machi 2020, miaka minne kamili baada ya Mohawk, na ni sadfa tu, mvulana wa miaka 13 alikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya tatu kwao Kiamaiko, Nairobi. Kafyu ya korona ilikuwa na siku tatu. Polisi walikuwa chini barabarani wakifukuza watu. Risasi ikampata tumboni, akafa. "Stray bullet." Agosti 2017, siku za vurugu za uchaguzi, msichana mdogo alikuwa kwenye roshani ya kwao Mathare, akapigwa risasi akafa. "Stray bullet." Julai 2025, siku ya Saba Saba, msichana wa miaka 12 alikuwa ndani ya nyumba yao Ndumberi, Kiambu, anatazama televisheni, risasi ikapita kwenye paa. "Stray bullet." Siandiki majina yao. Wazazi wao wameyaona magazetini vya kutosha.

Roshani, roshani, paa. Kwa kitu kilichopotea, risasi hizi zina mazoea makubwa ya mahali. Bado sijasoma habari ya risasi ya polisi iliyopotea ikaangukia bustani ya Muthaiga.

Sasa risasi ya polisi, mwenyewe hajulikani? Kila bunduki ya polisi ina namba. Afisa akiichukua ghalani anaandikwa kwenye daftari la silaha la kituo, na risasi alizopewa zinahesabiwa, na akirudi zinahesabiwa tena. Hakuna ng'ombe Kajiado nzima mwenye hati nyingi kama risasi moja ya serikali. Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 ina jedwali zima linaloeleza ni lini bunduki itumike, na kwamba mtu akifa, IPOA iarifiwe. Na kwa yule mvulana wa Kiamaiko mwenyewe wa risasi alitafutwa: IPOA ilichunguza, na Juni 2020 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaidhinisha afisa mmoja ashtakiwe kwa mauaji. Kesi ni ya mahakama, mimi siihukumu hapa. Ninachosema ni kwamba mtu hashtakiwi kwa mauaji kwa risasi isiyo na mwenyewe. Gazeti lilikuwa limeshatoa hukumu yake siku ya kwanza, kwa silabi moja.

Utaambiwa: lakini Mwalimu, polisi hakumlenga mtoto. Alifyatua hewani kutawanya watu. Nakubali kwamba huenda hakumlenga. Lakini anayefyatua hewani katikati ya maghorofa ya Mathare hafyatui hewani. Hewa ya Mathare ina ghorofa saba na watu wamelala ndani. Na kile kinachopanda kwa kasi ile hushuka, jambo ambalo hata mchunga mbuzi mwenye manati analijua, seuze aliyepelekwa chuo kufundishwa. Risasi ilikwenda pale ilipoelekezwa. Kilichopotea ni akili ya aliyeielekeza, au ya aliyempa amri, na habari ingeanzia hapo.

Halafu kuna yule wa Rongai. Taarifa za wakati ule zilisema alipigwa risasi nane. Nane! Hata Kiingereza kina mipaka.

Na tusidhani ni kasoro ya Nairobi peke yake. Novemba 2020, baada ya kukamatwa kwa Bobi Wine na ghasia zilizofuata Uganda, Rais Museveni alitaja watu 54 waliokufa, na akaeleza kwamba baadhi yao walipigwa na risasi za namna hiyo hiyo, zilizopotea. Pale neno lilikuwa limeshahama kutoka gazetini likawa fungu la hesabu ya serikali: hawa walikuwa wafanya fujo, hawa walikutana na risasi zilizopotea. Ukishaingizwa kwenye fungu hilo la pili, umekufa bila kuuawa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo jambo linaloniuma zaidi ni tulivyoliazima. Dawati la Kiswahili linapokea habari kwa Kiingereza, dakika tano zimebaki kabla ya taarifa ya saa moja, na mtangazaji anasoma: "aliuawa kwa risasi iliyopotea." Jamani. Kwa Kiswahili cha nyumbani kitu kilichopotea ni kitu kisichoonekana. Ufunguo umepotea. Kitambulisho kimepotea. Mbuzi amepotea, tangu jana tunamtafuta. Risasi hii inaonekana vizuri sana. Daktari ameitoa mwilini mwa mtoto, imetiwa kwenye mfuko wa ushahidi, mfuko umeandikwa namba. Ni kitu cha mwisho katika nyumba ile ambacho unaweza kusema kimepotea.

Tena tumelifanya baya kuliko lilivyokuwa. Kwa Kiingereza neno ni kivumishi, limekaa kimya mbele ya nomino kama kofia. Kwetu ilibidi tutumie kitenzi, iliyopotea, na kitenzi kina mtenda. Mtenda ni nani? Risasi. Risasi iliamka, ikatoka, ikapotea, ikamkuta mtoto. Kwa simba ndiyo hivyo hivyo, ila wengine wamebadilisha kidogo wakasema "aliyetoroka", kana kwamba alikuwa amefungwa. Na hali Kiswahili kina kitenzi kizuri, kufyatua, ambacho hakikubali kusimama bila mtu. Risasi haijifyatui. Ukisema kufyatua, msikilizaji mwenyewe anauliza nani, hata kabla hujamaliza sentensi.

Wahariri wana majibu yao, nimeyasikia. La kwanza ni nafasi: kichwa cha habari ni kifupi, neno ni fupi, tumekutana. Hili silijibu kwa urefu. "Polisi" ina herufi sita, sawasawa na "stray" ukimwongezea nafasi yake. La pili lina uzito zaidi: saa ile habari inaandikwa hatujui nani alifyatua, na hatuwezi kumshtaki mtu gazetini. Kweli kabisa. Basi andikeni hivyo. "Haijajulikana nani alifyatua." Hiyo ni sentensi ya kweli na ina njaa, kesho msomaji atauliza mmefikia wapi, na keshokutwa pia. Neno lenu halina njaa. Limeshashiba, limekunja mguu, limesema hakuna wa kutafutwa.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwandishi asiyejua anayesema hajui anabaki kazini. Mwandishi asiyejua anayeandika stray ametoa jibu, na jibu lenyewe amelipokea kwa mtu mwenye haja nalo. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni ripota, aliniambia bila kuficha: "Mwalimu, hilo neno hatulichagui sisi. Tunapigia kituo, wanatuambia ilikuwa stray, tunaandika." Kituo ndicho kilichotoa bunduki. Ni kama kumuuliza fisi habari za mbuzi, ukaandika kwamba mbuzi alipotea.

Basi awe na maswali mkononi. Wakimwambia simba amepotea Kitengela, aulize fensi iliyo karibu ilijengwa mwaka gani na kwa kibali cha nani, kisha apige simu kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti na kuandika jina la aliyetia sahihi, au aandike kwamba wamekataa kumwambia. Wakimwambia risasi imepotea, asikate simu. Aombe kusomewa daftari la silaha la usiku ule: bunduki namba ngapi, ilitoka na risasi ngapi, ilirudi na ngapi.